Uzoefu Wangu: Ziara ya Miguu katika Mji Mkongwe wa Marietta, Ohio

Ziara hii ya kuongozwa ninaipa nyota nne kati ya tano, na ile moja nimeizuia kwa sababu nzito nitakayoieleza. Naishi Columbus, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, na kwa muda mrefu nilisikia tu kwamba jimbo la Ohio lilianzia Marietta, bila mtu wa kunifafanulia lilianzaje. Kampuni inayoendesha ziara ni ndogo. Kundi letu halikufika watu kumi, na mwongozaji wetu alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyezungumza taratibu na kumwacha kila mtu amalize swali lake ndipo ajibu.

Kilichonivutia kwanza ni kwamba hakuanza na mashoka na magogo, bali alianza na madeni. Tulisimama pale ambapo Mto Muskingum unaingia katika Mto Ohio, akatueleza kuwa baada ya vita vya uhuru serikali changa ya Marekani haikuwa na fedha, hivyo maofisa na askari wengi walibaki na hati za malipo zilizozidi kushuka thamani. Mwezi Machi 1786 baadhi yao, akiwemo Jenerali Rufus Putnam, walikutana katika baa ya Bunch of Grapes mjini Boston, wakaunda Kampuni ya Ohio ili hati hizo zitumike kununulia ardhi. Mchungaji Manasseh Cutler alitumwa New York kuzungumza na Bunge, na tarehe 13 Julai 1787 Bunge likapitisha Sheria ya Eneo la Kaskazini-Magharibi, iliyolinda uhuru wa kuabudu, ikahimiza shule, na kupiga marufuku utumwa katika nchi yote iliyokuwa kaskazini mwa Mto Ohio. Ng'ambo, ambako leo ni West Virginia, palikuwa Virginia, na huko binadamu aliendelea kumilikiwa kihalali. Mwongozaji hakuficha kwamba sheria hiyohiyo iliruhusu mtumwa aliyetoroka akamatwe na kurudishwa kwa bwana wake, na nilimheshimu kwa hilo, maana wengi huisoma nusu ya kwanza tu.

Wanaume 48 wa Kampuni ya Ohio walifika tarehe 7 Aprili 1788 kwa mashua walizozitengeneza Pennsylvania, kwenye Mto Youghiogheny, baada ya kuvuka milima wakati wa baridi. Hawakukuta pori tupu, kwa kuwa ng'ambo ya Muskingum ilikuwepo Fort Harmar, ngome ya jeshi iliyojengwa tangu 1785. Mji waliupa jina kwa heshima ya Malkia Marie Antoinette, kwa ajili ya msaada wa Ufaransa vitani.

Sehemu bora ya ziara ni Makumbusho ya Campus Martius, na kama una nafasi ya kuona kitu kimoja tu Marietta, basi kione hicho. Walowezi walijenga hapo boma la mraba, takriban futi 180 kila upande, lenye mnara wa ulinzi katika kila pembe, na nyumba za kuishi ndizo zilizokuwa ukuta wenyewe. Katika boma lote imebaki nyumba ya Putnam peke yake, nayo imo ndani ya jengo la makumbusho, nyumba ndani ya nyumba, imekingwa na mvua na jua. Mwongozaji alitusogeza hadi karibu na ukuta akatuonyesha kwamba ile si kazi ya magogo yaliyopangwa harakaharaka: ni mapande ya mbao nene yaliyopasuliwa kwa msumeno wa mkono, yakaumanishwa kwa ustadi pembeni. Mtu anayejenga hivyo hana nia ya kuondoka. Kando yake ipo ofisi ndogo ya ardhi ya Kampuni ya Ohio, chumba cha unyenyekevu ukifikiria ukubwa wa ardhi iliyogawiwa kupitia shughuli zake.

Habari ya njaa ilinigusa kuliko nilivyotarajia. Baridi ya mapema ilipiga mahindi mwaka 1789 kabla hayajakomaa, na mwaka 1790 familia nyingi zilikosa chakula. Isaac Williams, mkulima wa upande wa Virginia aliyekuwa na akiba, alikataa kuwauzia walanguzi. Aliwauzia walowezi kwa senti 50 kwa busheli, kipimo cha nafaka, na kabla ya kumpimia mtu alimuuliza nyumbani mwake wako wangapi, ili kila familia ipate kwa kadiri ya vinywa vyake.

Sasa niseme kuhusu nyota niliyoizuia. Tulielezwa kwa kirefu shambulio la Big Bottom la tarehe 2 Januari 1791, takriban maili 30 juu ya Muskingum, ambapo wapiganaji wa Lenape na Wyandot, mataifa ya wenyeji wa Amerika, waliua walowezi zaidi ya kumi na waliobaki wakakimbilia mabomani. Lakini sababu yake ilipitwa kwa sentensi mbili. Mkataba wa ardhi uliotiwa saini Fort Harmar Januari 1789 haukukubaliwa na mataifa mengi ya wenyeji, Shawnee wakiwemo, kwa kuwa kwao Mto Ohio ndio ulikuwa mpaka. Muungano wao, chini ya viongozi kama Little Turtle na Blue Jacket, ulilishinda jeshi la Arthur St. Clair, gavana wa Eneo la Kaskazini-Magharibi, tarehe 4 Novemba 1791 na kuua askari zaidi ya 600. Ni baada ya kushindwa na jeshi la Marekani katika vita vya Fallen Timbers mwaka 1794 ndipo walipotia saini mkataba wa Greenville, mwaka 1795, na kupoteza sehemu kubwa ya Ohio ya leo. Msikilizaji asiyeambiwa haya atadhani mashambulio yalizuka bila chanzo, na hiyo si haki kwa waliofukuzwa kwao.

Kasoro hii inauma zaidi kwa sababu ziara inamalizikia Mound Cemetery, penye kilima cha mazishi cha kale chenye kimo cha futi 30 hivi, kilichozungukwa na handaki na tuta la udongo. Kilijengwa karne nyingi kabla ya Putnam kuzaliwa. Walowezi walikipima, wakakichora katika ramani na kukitengea uwanja wa umma, uamuzi wa busara ambao miji mingine ya Ohio haikuufanya, kisha wakaanza kuzika wafu wao kukizunguka. Putnam, aliyefariki mwaka 1824, amelazwa papo hapo.

Kwa atakayekwenda, nashauri aombe ziara ianzie makaburini na kuishia mtoni, maana kampuni hukubali ikiambiwa mapema. Avae viatu imara, na pale kwenye makutano ya mito asimame karibu na mwongozaji, kwa sababu kelele za magari ya darajani humeza maneno. Akibakiwa na muda, aingie maktaba ya umma katika Mtaa wa Tano, iliyojengwa juu ya tuta jingine la kale, lile walowezi waliloliita Capitolium.