Ellis Island: Makumbusho ya Kutembelea Ukiwa na Miaka ya Sheria Kichwani

Anayetaka kuelewa jinsi Marekani ilivyofungua na kufunga milango yake kwa wageni atapata pa kuanzia katika Makumbusho ya Taifa ya Uhamiaji yaliyoko Ellis Island, katika bandari ya New York. Makumbusho yenyewe hayana kiingilio. Kinacholipiwa ni tiketi ya feri, inayoondoka Battery Park upande wa Manhattan au Liberty State Park upande wa New Jersey. Bei hiyo inajumuisha pia mwongozo wa sauti, na nashauri uuchukue mara tu unapoingia, kwa kuwa maelezo ya ukutani ni mengi mno kusomwa yote kwa siku moja.

Kilicho bora kuliko vyote ni Ukumbi wa Usajili. Dari lake la vigae, lililojengwa na mafundi wa kampuni ya Guastavino, ni imara kiasi kwamba jengo lilipokarabatiwa katika miaka ya 1980, kati ya vigae zaidi ya 28,000 vilihitajika kubadilishwa 17 tu. Chini ya dari hilo, na lile lililolitangulia, walipita wengi wa wahamiaji wapatao milioni 12 walioingia kupitia kisiwa hiki kati ya 1892 na 1954. Siku moja tu, tarehe 17 Aprili 1907, walihesabiwa 11,747. Madaktari waliwatazama wakipanda ngazi na mizigo yao, na aliyetiliwa shaka alichorwa herufi ya chaki kwenye nguo: H kwa moyo, E kwa macho, X kwa akili. Kisha kope zilipinduliwa, mara nyingi kwa kikulabu cha kufungia vifungo vya viatu, ili kutafuta trakoma, maradhi ya macho yaliyotosha kumrudisha mtu kwao. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikaguliwa melini kwa upole na kushuka moja kwa moja mjini, jambo ambalo kwa maoni yangu linastahili nafasi kubwa zaidi kuliko inayopewa.

Upungufu ninaouona uko katika sheria zenyewe. Zimeelezwa, lakini zimetawanyika katika vyumba vya pembeni, na mgeni asiyezijua anaweza kuondoka akidhani kwamba aliyeamua hatima ya watu ni daktari na chaki yake, ilhali katika miaka ya shughuli nyingi waliokataliwa walikuwa takriban 2 katika kila 100. Waliofunga mlango hasa ni wabunge. Mwaka 1882 walipiga marufuku vibarua wa Kichina. Mwaka 1917 wakaweka mtihani wa kusoma na kuzuia watu wa sehemu kubwa ya Asia. Mwaka 1921 wakaanzisha mgao kwa kila taifa, na mwaka 1924 wakaubana kwa kuchukua asilimia 2 ya wazaliwa wa kila nchi waliohesabiwa Marekani katika sensa ya 1890, yaani kabla Waitaliano na Wayahudi wa Ulaya Mashariki hawajafika kwa wingi. Ujerumani ikapata nafasi 51,227 kwa mwaka, Italia 3,845, na Tanganyika, iliyokuwa chini ya Waingereza, nafasi 100. Sheria hiyo pia iliwataka wahamiaji wapate viza kwa konseli wa Marekani kabla ya kusafiri. Kwa hiyo, yeyote aliyewahi kuhojiwa ubalozini kwa ajili ya viza ameonja matunda yake. Kazi ya ukaguzi ilipohamia ng'ambo, ukumbi ule ulibaki mtupu, na kisiwa kikawa zaidi mahali pa kuwazuilia watu. Nadhani jambo hilo lingeandikwa kwa herufi kubwa katikati ya ukumbi.

Kadhalika, Ellis Island si Marekani yote. Wachina waliofika kwa Bahari ya Pasifiki walizuiliwa Angel Island, karibu na San Francisco, kati ya 1910 na 1940, wengine kwa majuma au miezi, na mashairi waliyoyachonga kwenye kuta za mbao yangali yanasomeka. Katazo lao lilipofutwa mwaka 1943, walipewa nafasi 105 kwa mwaka.

Vyumba vya kipindi cha baada ya 1945 vinahitaji muda, hasa kwa msomaji wa Kiafrika, kwa sababu ndipo yanapoelezwa mageuzi ya 1965 yaliyoondoa mgao wa mataifa, ambayo Rais Lyndon Johnson aliyatia saini chini ya Sanamu ya Uhuru, kwenye kisiwa kile kile ambacho feri ya kutoka Manhattan hutia nanga kwanza. Sheria ya 1990 nayo ndiyo iliyozaa bahati nasibu ya viza ambayo wengi wetu tunaijua.

Panda feri ya kwanza ya asubuhi, na usitumie muda wote kwenye sanamu. Wenye ndugu waliopita hapa wanaweza kutafuta majina yao katika kumbukumbu za abiria. Orodha hizo ziliandaliwa na kampuni za meli huko safari ilikoanzia, kwa hiyo simulizi kwamba karani wa Ellis Island ndiye aliyebadilisha jina la ukoo haina msingi. Majengo ya hospitali ya zamani hutembelewa kwa ziara inayolipiwa kando, ukiwa umevaa kofia ngumu.