Kitengo cha endoskopia kilichompima mama nyongo

Nyota tano, na sababu kubwa ni moja: walipozibua mrija wa nyongo wa mama kwa endoskopia (kamera nyembamba inayoingizwa mwilini), walivuta nyongo kidogo wakaipeleka maabara ioteshwe (yaani vijidudu vikuzwe ili vitambuliwe), wakitafuta bakteria na fangasi pia.

Mama ana kisukari, alikuwa na stenti (kijibomba cha kuuacha mrija wazi) kwenye mrija, na alishatumia antibaiotiki kwa muda mrefu. Homa ikawa inarudi, macho ya njano, anajikuna usiku kucha. Picha zilionyesha kitu kama mawe. Damu ilipooteshwa, haikutoa chochote. Kumbe ni kandida! Fangasi hawa huweza kukaa ndani ya mirija bila kuonekana kwenye damu, ndiyo maana nyongo yenyewe ipimwe. Daktari akasema pia kwamba si kila kandida kwenye nyongo ni ugonjwa. Kwa mama, homa na madonge ya fangasi yaliyoziba mrija ndivyo vilivyomthibitishia. Nilimwamini kwa sababu hakukimbilia dawa.

Na dawa peke yake haitoshi mrija ukiwa umeziba. Walitoa stenti ya zamani, wakasafisha, wakaweka mpya. Flukonazoli, dawa ya fangasi, ilianza baada ya kujua aina ya kandida, maana aina iitwayo Candida krusei haisikii dawa hiyo. Vipimo vya ini vikafuatiliwa, kwani dawa yenyewe huweza kulisumbua ini.

Kasoro: ndugu hawaambiwi mapema kwamba majibu ya kuotesha huchukua siku kadhaa. Tulisubiri kwa hofu bure. Hilo walirekebishe.