Uzoefu wangu: nyumba ya wageni Tetebatu, Lombok, na kiwanja tulichokikataa

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: nyumba naipa nyota nne kati ya tano, chakula tano, safari ya kufika mbili, na kiwanja tulichobembelezwa tukichukue sikipi hata moja. Jina la nyumba silitaji. Malalamiko yangu mengine ni ya kifamilia kuliko ya kibiashara, na nyumba za wageni za pale zinafanana, kwa hiyo nitakayoyasema yatakufaa hata ukifikia kwa jirani yao.

Tetebatu ni kijiji cha Lombok Mashariki, kusini mwa mlima Rinjani, volkano ya mita 3,726. Bahari hakuna. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia kisiwa cha Indonesia hufungasha nguo za kuogelea. Huku ni mpunga, migomba, minazi, mito ya maji baridi na usiku wa kujifunika blanketi. Mwaka 2021 serikali yao ilikipendekeza kijiji hiki kwenye tuzo ya vijiji bora vya utalii ya shirika la utalii la Umoja wa Mataifa, kikapitwa na Nglanggeran cha Java. Sisi tulikichagua kwa sababu nyepesi zaidi: mume wangu alitaka mlima, mimi nilitaka mahali ambapo sitaulizwa kila saa kwa nini nimejifunga mtandio. Watu wa Lombok wengi ni Wasasak, Waislamu, na misikiti ni mingi kupita kiasi.

Kufika kunachosha. Tulipitia Doha hadi Denpasar, Bali, na kutoka hapo kuna njia mbili: ndege ya ndani, kama nusu saa hivi angani, au feri ya kutoka bandari ya Padang Bai kwenda Lembar ya Lombok, saa nne hadi tano. Mume wangu ni mtu wa Mkoani, Pemba, feri kwake si safari bali haki ya kuzaliwa, basi tukapanda feri. Tulikwenda msimu wa mvua, pepo za magharibi zikivuma, na chombo kilikaa nje ya bandari kikingoja nafasi ya kufunga gati huku abiria wakitapika kwa zamu. Ukiwa na watoto, lipia ndege. Gari la kutupandisha kijijini tulilipata kupitia mwenye nyumba. Huko wanaendesha kushoto kama kwetu, jambo linalosaidia baadaye ukikodi pikipiki.

Chumba chenyewe kimejengwa kwa umbo la ghala la mpunga la Kisasak: kiko juu ya nguzo, na paa la nyasi limebinuka kama ngalawa iliyofudikizwa. Kwenye picha kinapendeza sana. Kukiishi ni habari nyingine. Ngazi imesimama wima, na usiku ukishikwa na haja unashuka kwa uangalifu wa mtu aibaye embe. Godoro lilikuwa zuri, chandarua kizima, shuka safi, lakini mvua ikinyesha mfululizo kila kitu hupata unyevu, na nguo tulizofua zilichukua siku nzima bila kukauka. Maji ya moto yaliyotangazwa ni ya jua. Yanachemka saa sita mchana na ikifika magharibi yameshakuwa vuguvugu. Wageni wa Ulaya niliowakuta wakilalamikia choo cha kuchuchumaa na kuoga kwa kata sikuwaunga mkono. Hayo kwangu si kasoro.

Umeme ndio uliotuchekesha. Mita ni ya kulipia kabla, ndugu wa LUKU: unanunua tokeni, unabonyeza tarakimu 20, taa zinawaka. Tofauti ni kwamba ya kwao uniti zikikaribia kwisha inapiga kelele, pii, pii, pii, bila kukoma mpaka mtu aende akanunue. Yetu ilikuwa imetundikwa chini ya chumba chetu. Na nyumba nyingi za kijijini zimeungwa kwa kiwango kidogo, VA 900 au 1,300, kwa hiyo ukichomeka pasi wakati jungu la umeme linapika wali, nyumba nzima inazimika. Tulijifunza kuuliza jikoni kabla ya kupiga pasi.

Kuhusu sauti za alfajiri nitasema kwa adabu. Mimi nimekulia chini ya mnara wa msikiti, adhana hainisumbui. Lakini kabla ya adhana kuna visomo vya kwenye vipaza sauti, msikiti huu na ule na wa ng'ambo ya mto, kila mmoja na kisomo chake. Wizara yao ya Dini ilitoa mwongozo mwaka 2022 kwamba visomo vya kabla ya alfajiri visizidi dakika 10. Tetebatu sikuona dalili ya mwongozo huo. Beba pamba za masikio, na usimlaumu mwenye nyumba kwa jambo lisilo mikononi mwake. Na ukiingia kusali usielekee kwa mazoea: sisi wa Pemba kibla chetu ni kaskazini, kule ni magharibi kukipinda kaskazini kidogo.

Sasa chakula, na hapa naomba nafasi. Kiamsha kinywa kimo kwenye bei ya chumba, nacho ni chapati nyepesi ya ndizi waliyoitunga kwa ajili ya watalii. Iache. Mwambie mama mwenye nyumba kuwa unataka wanachokula wao. Tulimwita Inaq, kama kijiji kizima kinavyowaita kina mama, naye alipojua kuwa binti yetu wa kwanza ni Salma akaanza kuniita Inaq Salma, kwa hiyo nikawa Mama Salma ugenini kama nilivyo nyumbani. Kutoka siku hiyo mlango wa jikoni ulikuwa wazi kwangu.

Mboga yao ya kila siku ni kangkung, inayotambaa kwenye maji, jamii moja na matembele. Huchemshwa kidogo tu, ikamwagiwa pilipili iliyosagwa na nyanya, ndimu na uduvi uliochachushwa hadi ukawa donge jeusi. Harufu ya uduvi ule ukiwa mbichi inakimbiza watu. Ukishaingia kwenye pilipili unaomba sahani ya pili. Pilipili hawafanyi mzaha nayo. Mume wangu, anayejidai mla pilipili, alikunywa maji ya jagi zima. Kuna kuku wa kuchoma wa Taliwang, kuna tempe, yaani soya iliyochachushwa na kukaangwa, kuna fenesi bichi la kupikwa kwa nazi. Kuna pia mchuzi wa ares, ambao ni moyo wa shina changa la mgomba uliokatwakatwa na kupikwa kwa tui na viungo. Nimeishi na migomba maisha yangu yote na sikuwahi kufikiria kula shina lake.

Ares ni chakula cha shughuli. Tuliuonja kwenye akika ya mtoto wa jirani, ambako wanaume walikaa makundi makundi kwenye sinia moja moja, mkono wa kulia, maongezi machache, na anayemaliza mapema akisubiri wenzake. Wenyewe huita begibung. Wanawake tulikuwa jikoni na vyungu vikubwa, na hapo ndipo niliposhangaa kukosa mbuzi ya kukunia nazi. Wanaparuza kwenye ubao wenye meno. Nilijaribu, nikaacha ngozi ya vidole pale.

Baada ya chakula watu hukaa kwenye berugaq, baraza la mbao lisilo kuta, limeinuliwa juu ya nguzo, lenye paa. Kila nyumba inalo na mgeni hupokelewa hapo, si ndani. Wanaume huvuta sigara za karafuu, na moshi wake ulimkumbusha mume wangu majamvi ya kuanikia karafuu kwao. Si ajabu: Indonesia ndiyo inayozalisha karafuu nyingi kuliko nchi yoyote na nyingi huzivuta wenyewe, na zamani viwanda vyao vya sigara vilinunua sana karafuu za Unguja na Pemba. Ila moshi ni moshi. Baada ya wiki ya kwanza nilikuwa nahamia upande unakotoka upepo.

Matembezi nitayapitia haraka. Maporomoko ya Jeruk Manis yanastahili kutembea, msitu wa kima weusi nao ukienda asubuhi. Pringgasela, kijiji cha wafumaji, kilinila pesa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mtu ukishamwona mwanamke ameketi na mtambo kiunoni akiunganisha uzi mmoja mmoja, huwezi kubishana bei ya kitambaa chake. Kijana wa nyumba alikuwa akitushinikiza kila asubuhi tununue ziara zake, na hilo ndilo lililomlia nyota moja. Pikipiki tulikodi kijijini. Mafuta huuzwa kando ya njia kwenye chupa za kioo. Hakikisha una leseni ya kimataifa na kofia. Fedha taslimu chukua mjini kabla ya kupanda, maana malipo yao ya simu kwa kuskani yanadai akaunti ya nchini humo au ya nchi chache walizoungana nazo.

Sasa kiwanja. Binamu wa mwenye nyumba alikuja berugaq jioni moja na mchoro kwenye karatasi ya daftari: eneo zuri, linaangalia mpunga, bei kwa "are", ambayo ni mita za mraba 100. Alisema wageni wengi wananunua. Si kweli kwa maana ya neno kununua. Sheria yao ya ardhi ya mwaka 1960 inampa raia pekee umiliki kamili, Hak Milik. Mgeni mwenye kibali cha ukaazi anaweza kupewa Hak Pakai, haki ya matumizi, na kampuni yenye mtaji wa kigeni iliyosajiliwa huko inaweza kupata haki ya kujenga. Kwa ardhi ya serikali, kanuni ya mwaka 2021 inazipa haki hizo miaka 30, nyongeza ya 20, kisha 30 mingine. Waliobaki hukodi kwa mkataba, mara nyingi miaka 25 au 30, na fedha zote hutolewa mbele.

Nilipomweleza binamu hayo, hakutikisika. "Tutaandika kwa jina langu," akasema, "halafu tuandikiane pembeni." Hapo mume wangu alicheka kwa sauti. Sisi tumetoka Tanzania, ambako kwa upande wa Bara Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo haimgawii asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na mambo ya kuandikiana pembeni tunayajua, ila huko kwetu wenyeji ni sisi. Kifungu cha 26 cha sheria yao ya 1960 hakina huruma: mpango wa kumpatia mgeni Hak Milik kwa mlango wa nyuma ni batili, ardhi inaangukia serikalini, na fedha ulizolipa huwezi kuzidai. Ukigombana na mwenye jina, huna pa kushitaki.

Hata kukodi kwa halali kuna ya kuuliza. Karatasi aliyotuonyesha baadaye ilikuwa risiti ya kodi ya ardhi, si hati kutoka ofisi ya ardhi. Shamba lilikuwa la marehemu babu yao, na warithi wengine wako Malaysia wakifanya kazi kwenye mashamba ya michikichi. Bila saini zao hakuna mkataba wa maana. Lilikuwa pia katikati ya mpunga unaomwagiliwa, na sheria ya mwaka 2009 inalinda mashamba ya chakula yaliyotengwa yasigeuzwe viwanja. Mzee wa mifereji, pekasih, ndiye aliyetudokeza hilo, baada ya kikombe cha pili cha kahawa. Swali la mwisho ni la jengo. Agosti 2018 tetemeko la kipimo cha 6.9 liliua mamia ya watu kisiwani humo, wengi wao kwenye nyumba za matofali zisizo na nondo za kutosha. Ukionyeshwa nyumba ya kukodi, uliza imejengwa lini na nguzo zake zina nini ndani.

Tulikataa kwa heshima, na wala hakuna aliyenuna. Badala yake tulipatana bei ya mwezi kwa chumba kile kile, pamoja na mlo wa jioni. Hilo ndilo ninalompendekeza yeyote anayejiona akiishi Tetebatu: lipa kwa mwezi, kaa misimu miwili, ndipo uzungumze na wakili, si na binamu. Viza ya kufikia uwanjani, kwa pasipoti zinazoruhusiwa, ni rupia 500,000 kwa siku 30 na huongezwa mara moja, kwa hiyo muda wa kuonja upo.

Msimu gani? Januari na Februari kuna shokishoki na doriani za kumwaga, bei ya chumba inashuka, na njia za kupanda Rinjani hufungwa kwa sababu ya mvua, jambo ambalo mume wangu amelitaja mara nyingi tangu turudi. Julai na Agosti mlima uko wazi na mpunga umepisha tumbaku, lakini nyumba hujaa watu wa likizo kutoka Ulaya. Andika nafasi mapema, na ulizia chumba cha chini.