Tribe ya 1991 au ya 2016?

Mtu akiniuliza A Tribe Called Quest, lile kundi la hip hop la Marekani, aanzie wapi nampa albamu mbili tu, The Low End Theory ya 1991 na ile ya kurudiana ya 2016. Ya kwanza ni vijana wa Queens, New York, wana njaa ya kutoka, Ron Carter mzee wa jazi kawapigia besi wimbo mmoja, na Phife, rapa wao ambaye albamu ya nyuma hasikiki sana, hapa kaamka kweli. Ya pili imekuja miaka 18 baada ya The Love Movement, albamu yao ya kabla ya hiyo, ina magitaa na siasa kibao, na Phife alishafariki Machi mwaka huohuo kwa kisukari ila mistari alishaingiza, yani unamsikia yuko fiti afu unakumbuka hayupo. Mdundo nachukua ya 91, ila usiku na hedifoni ni ya 2016 aisee.