Diani hadi Mombasa kwa matatu na feri: safari ya siku moja, mfuko mwembamba

Anayelala Diani, Galu au Tiwi hana haja ya kukodi teksi ili auone mji wa Mombasa. Kwa matatu, feri na miguu, tenga shilingi 400 hadi 500 za nauli ya kwenda na kurudi kwa mtu mmoja. Feri yenyewe, ya Likoni, ni bure kwa anayevuka kwa miguu. Kwa bei, safari hii haina mpinzani. Shida yake ni saa. Anayeipanga ovyo hushinda akitazama maji ya Likoni, kisha hurudi na picha moja ya Pembe za Moi Avenue, tena aliyoipigia dirishani.

Anza na usafiri. Kutoka barabara ya ufuoni Diani, panda matatu au tuktuk ya kuchangia hadi Ukunda. Shilingi 50 hivi. Ukunda badilisha: magari ya Likoni hayakauki stejini, na nauli yake itengee 100 hadi 150. Muulize abiria mwenzako bei kabla ya kumuuliza makanga, kwa sababu mvua ikinyesha au sikukuu ikifika bei hubadilika papo hapo. Beba noti ndogo. Wengi hupokea M-Pesa, lakini sema mapema, si wakati gari limeshasimama na watu wanashuka. Kiti cha mbele kando ya dereva kina mandhari nzuri na adhabu yake: kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, na hadi ukifika Shika Adabu mapaja yamekwishaiva.

Foleni ya magari ikiwa ndefu, makanga huwashusha abiria kabla ya kufika feri. Usibishane naye. Kwa miguu utafika kwanza.

Sasa feri, ambayo ndiyo inayoamua siku yako itakuwaje. Kuvuka kwenyewe hakumalizi dakika 10. Muda hupotelea kwenye kungoja. Asubuhi na mapema umati wote wa Pwani ya Kusini unaingia kisiwani kazini, na jioni umati huohuo unarudi. Mtalii akijipenyeza katikati yao anajitesa bure. Ondoka Ukunda saa 2:30 asubuhi, utawakuta wengi wameshavuka. Abiria wa miguu huzuiwa nyuma ya lango, kisha hufunguliwa wote kwa pamoja, na hapo watu hukimbia. Wewe kaa pembeni uache wimbi la kwanza lipite, mshike mtoto mkono wala usimwachie atangulie, na begi livae kifuani. Mteremko wa kuingilia huwa umelowa, kwa hiyo ndala zilizolika soli ziache hotelini. Ukiwa ndani simama pembeni, si kati ya magari. Kupiga picha hapo ni marufuku. Simu ikae mfukoni, maana askari hawatazami kama wewe ni mgeni.

Mwenye gari lake hulipia na hukaa kwenye foleni. Barabara ya Dongo Kundu imempa njia ya kuikwepa feri, lakini inatokezea Miritini. Inamfaa anayekwenda kwenye treni ya SGR au uwanja wa ndege. Kama unakwenda Mji wa Kale utakuwa umezunguka kilomita nyingi ili uje ukwame kwenye foleni nyingine ya kuingia kisiwani. Kwa safari hii, gari liache Diani.

Upande wa kisiwani matatu zinaita kuanzia kwenye ngazi: Posta, Mwembe Tayari, Bamburi, Mtwapa. Taja Posta au Mwembe Tayari, tenga shilingi 30 hadi 50. Mkiwa watatu, tuktuk hadi mlangoni mwa Fort Jesus inalipa zaidi, mradi mpatane kabla ya kupanda.

Fort Jesus iwe ya kwanza, wakati jua halijapanda. Wareno waliijenga kuanzia 1593 hadi 1596 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na kuta zake za mawe ya matumbawe zikishika joto la saa 6 mchana hutaona historia, utatafuta kivuli tu. Hufunguliwa saa 2 asubuhi. Kiingilio kina madaraja: Mkenya, raia wa Afrika Mashariki, na mgeni wa mbali, kwa hiyo Mtanzania aliyevukia Horohoro asisahau pasipoti au kitambulisho. Malipo ni ya simu au kadi kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Intaneti ikigoma mlangoni utasimama juani, basi hakikisha data ipo. Nje ya lango watakujia waongozaji. Walio bora wanaijua vizuri habari ya kuzingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi 1698, na watakuonyesha vitu vilivyoopolewa kwenye meli ya Santo António de Tanná iliyozama mbele ya ngome. Patana bei na muda kwa maneno yasiyo na shaka. "Utanipa chochote" ndiyo bei ghali kuliko zote. Saa moja na nusu inatosha.

Kutoka hapo Mji wa Kale ni miguu tu. Kama hukunywa chai Diani, mahamri na mbaazi za nazi huisha kabla ya saa 4, na viazi karai ndio huanza kutoka. Chakula cha mchana kitafute kwenye mikahawa ya wenyeji, uone pilau na biriani vikipakuliwa kwenye masufuria. Sahani itengee 300 hadi 500. Ikiwa ni Ramadhani, mikahawa mingi ya huku haipakui mpaka magharibi, hivyo beba cha kula na ukile kwa staha.

Biashara Street ndiyo mahali pa leso, na hapa usiwe na haraka. Leso huuzwa kwa pea, vipande viwili havijakatwa. Ikunjue yote kabla ya kulipa: tazama kama jina, yaani msemo wake, limekaa katikati juu ya pindo na kama rangi haikuvuja kwenye weupe. Ugumu wa kitambaa kipya ni wanga tu, utatoka kwenye maji ya kwanza. Sugua pembe kwa vidole ili ujue uzito wake halisi. Kisha mpelekee fundi wa cherehani aliye barazani, akukatie na kukupindia pale pale kwa pesa kidogo.

Marikiti nunua viungo vizima. Mdalasini, iliki na pilipili manga huonyesha ubora wake machoni, lakini unga uliokaa wazi kwenye gunia umeshapoteza harufu na huwezi kujua umechanganywa na nini. Zafarani ya bei ya mchicha si zafarani.

Ijumaa maduka mengi hufungwa kwa swala ya adhuhuri, na Jumapili nusu ya mji imelala. Jumanne hadi Alhamisi ndizo siku za kuchagua.

Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari, ndipo mtego ulipo. Iko jirani na feri, ina upepo, mibuyu, madafu na muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, na utamu wake wote ni wa jioni, saa zile zile ambazo feri imefurika. Chagua moja. Ama uwe umevuka kabla ya saa 10 alasiri, ama ukae kabisa mpaka baada ya isha umati upungue. Ukikaa, jua kwamba matatu za Ukunda wakati huo hujaa polepole, na kutoka Ukunda hadi ufuoni utahitaji tuktuk ya peke yako, kwa bei ya usiku.

Na ukishuka Likoni, usiingie gari kwa sababu tu linaonekana limebakisha kiti kimoja. Wengine waliokaa humo ni wa kujazia, wanashuka mmoja mmoja kila abiria wa kweli akipanda. Tazama nani ana mizigo mapajani. Wenye vifuko vya unga na mboga wanakwenda nyumbani kweli. Gari lao ndilo litakaloondoka.