TAHADHARI: Wanaouza "virutubisho vya tezi dume" Mwanjelwa, msiwape hela!

Jamani ndugu zangu wa Mbeya, naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira na aibu. Mzee wangu ana saratani ya tezi dume, hali yake mnaijua tangu mwaka jana, sirudii.

Jumamosi ile mimi na Mzee tulitoka kliniki, mvua ikatukuta Mwanjelwa, tukajibanza kwenye baraza ya duka. Ndani kijana kavaa koti jeupe, kalamu mbili mfukoni. Akatutolea viti. Akamwamkia Mzee kwa Kinyakyusa, kwa adabu zote. Akamshikisha kichuma chenye waya unaoingia kwenye kompyuta, dakika moja tu, akasema: "Baba, tezi dume inakusumbua." Nilipigwa na butwaa. Leo ndiyo nakumbuka bahasha ya hospitali ilikuwa mapajani kwa Mzee, maandishi yakiwa juu!

Na msiniambie sikutumia akili. Yule mtu alianza na ya kweli. Alisema wekundu wa nyanya ni laikopini, na ukizipika na mafuta kidogo mwili unaipata zaidi kuliko mbichi. Kweli. Kwamba maabarani laikopini imeonekana kupunguza kasi ya seli za uvimbe. Kweli, ila ni kwenye vichupa na panya, hilo hakulisema. Mama yangu ni wa Ilula, nyanya nimekua nazo, moyo ukalainika. Hapo ndipo akaleta kopo: laikopini, seleniamu (aina ya madini) na vitamini E, "uvimbe unasinyaa siku 90". Laki nne na themanini. Ilikuwa hela ya mbolea ya viazi. Nikatuma kwa simu, likatokea jina la mwanamke, na bado nikabonyeza namba ya siri.

Hela si kitu. Kumbe nilipotoka kutafuta bajaji alimwambia Mzee aache sindano ya saratani anayochomwa hospitali kila miezi 3, eti inapingana na virutubisho. Mzee akanificha. PSA, kile kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii, iliyokuwa imeshuka hadi 2 tumeikuta 38.

Daktari aligeuza lile kopo, akanyamaza muda mrefu. Kisha akanieleza kwamba Marekani na Kanada wanaume zaidi ya 35,000 waliingizwa kwenye utafiti ulioanza 2001, wakimeza seleniamu na vitamini E kuona kama vitazuia saratani hii. Mwaka 2008 wakaambiwa waache vidonge, havikuzuia chochote. Mwaka 2011 ikaonekana waliomeza vitamini E peke yake wamepata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Dozi yao ya vitamini E yuniti 400 kwa siku. Kopo letu, yuniti 400! "Nyanya ale mezani kama kawaida," akasema, "sindano asiguse kuiacha."

Risiti hakutoa. Lebo haina anwani ya kiwanda. Na anayekwambia uache dawa ya hospitali, ondoka hapo hapo hata kama mvua inanyesha.

Sasa duka limefungwa, nasikia kahamia upande wa Tunduma. Afungwe! Anyang'anywe lile koti jeupe mbele ya watu, arudishe hela ya kila mzee aliyemdanganya, kisha akae ndani miaka. Kopo na meseji za muamala nimeshapeleka polisi. Nawe kama ulimtumia hela njoo inboksi, tukaandike maelezo pamoja, hata kama unaona aibu kama mimi. Jumatatu nisiulizwe, nampeleka Mzee sindano.