Nunavut au Northern Territory: muuguzi aende wapi?

Kote kuwili daktari mara nyingi yuko kwenye simu. Mwenye mgonjwa ni wewe. Kwa usafiri, Northern Territory, Australia, ina nafuu: barabara ya vumbi ipo, mpaka mvua iifunge. Nunavut, Kanada, ina jamii 25 na hakuna barabara inayoziunganisha. Dhoruba ikipiga, ndege haiji. Chakula huko ni ghali mno.

Kazi yenyewe? Northern Territory utachoma sana sindano za penisilini za kila baada ya siku 28, kwa watoto wa Kiaborijini, wenyeji wa asili, waliougua homa ya baridi yabisi, inayoharibu moyo. Asipokuja kliniki, unamfuata kwa bibi yake. Nunavut kuna kifua kikuu, na wajawazito wa Inuit, wenyeji wa asili wa huko, wanaosafirishwa mbali kujifungua.

Lugha: Nunavut, Inuktitut itakufikisha vijiji vingi, Australia kila eneo lina yake. Ukiwa na mtoto wa sekondari, sipendekezi popote.